Ng'ombe wa Kabula Waliogeuka Gari

Ukininusisha petroli hata leo, pua yangu inatafuta na samadi. Kwetu vitu hivyo viwili vilikuwa harufu moja, maana gari la baba lilikuwa linalala zizini. Baba alisema kitu kilichonunuliwa kwa ng'ombe kilale na ng'ombe, na yeye akishasema, hata jogoo ananyamaza. Basi ng'ombe wetu wachache wakalifanya mwenzao. Wakalilamba wakitafuta chumvi, rangi ikabanduka banduka, likawa na mabaka kama fahali. Lilikuwa kigari cha zamani, kile cha mgongo wa kobe, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani.

Miaka ya sabini hiyo, tunakaa upande wa Mwakitolyo, tunalima pamba. Dada yangu Kabula alikuwa ameolewa, na bukwi lake, yaani mahari, lilijaza zizi. Baba hakukaa nalo. Mjini Shinyanga, nyuma ya duka la Mhindi mmoja, aliona kile kigari kuku wanatagia ndani, usingizi ukamwisha. Akaswaga ng'ombe wa Kabula mpaka mnadani, akarudi amekaa ndani ya chuma. Jioni alikuwa anatuigizia yule mwenye duka, nami nikamwiga yeye: "Mzee, mashine iko mzima. Betri tu nalala kidogo." Betri ile ililala moja kwa moja. Bahati yetu zizi lilikuwa juu ya mwinuko. Mawe yanatolewa kwenye magurudumu, gari linateremka lenyewe, katikati ya mteremko baba anaachia klachi, likipenda linawaka. Mama hakuligusa hata siku moja. Alikuwa anapita pembeni, mdomo kaubinua, anaongea na ndoo yake: "Ng'ombe wa mtoto hawaliwi kabla mtoto hajazaa. Lakini mimi nani."

Kabula akarudi wakati wa palizi, jicho moja limefumba, miguu imepasuka kwa kutembea. Mama akamkanda na maji ya moto, baba akatoka nje akakaa kwenye gogo, analitazama gari lake. Alikuwa anajua. Kwetu mwanamke akirudi hajazaa, ama anarudi kwa mume, ama ng'ombe wote wanarudi. Na ng'ombe walikuwa wamekaa pale, wana magurudumu manne.

Hawakukawia kuja, Masanja mwenyewe, mume wa Kabula, na mjomba wake mzee Ngassa, mtu asiyetoa neno bila kukohoa kwanza. Wakapewa vigoda, maji hawakunywa. Hapo ndipo nilipojua kuna vita, mgeni akikataa maji. "Hm-hm," mzee Ngassa akasema. "Tunataka mke au ng'ombe." Baba akanyoosha kidole zizini. "Ng'ombe wenu yule pale." Mzee Ngassa akalitazama gari muda mrefu. "Hm-hm. Gali linazaa?" Baba akajibu, "Halizai. Ila halifi kwa ndigana." Masanja alikuwa kijana, nikamwona anameza mate. Lakini ng'ombe wa mahari hapokelewi bila kukaguliwa, na mjomba akainuka akakagua kama alivyofundishwa. Akapiga magurudumu teke, hizo ni kwato. Akafuta taa kwa dole gumba, hayo macho. Kisha akafunua mbele, mahali magari ya watu yanapoweka injini, akakuta kamba na manyoya ya kuku.

"Hm-hm. Limetolewa moyo. Mke tunaondoka naye."

Masanja akaanza kuja jikoni. Kabula alikuwa nyuma yangu, kucha zake zimeingia begani kwangu, na mimi mlango nimeuziba kwa mwili wangu mdogo huu, kama vile ningemzuia nani. Baba akapiga kelele kutoka nyuma ya gari: "Moyo wake uko matakoni. Njoo uone." Mzee Ngassa akaenda, akainama, akachungulia. "Basi liwake. Likiwaka tumemalizana. Lisipowaka, mke atoke."

Mama ndiye aliyetoa mawe. Akayatoa kwa mikono yake, hakumtazama mtu. Gari likaanza kushuka, halina sauti, unasikia kokoto tu zinasagika. Likapita ua wa minyaa, kimya. Likafika katikati, baba akaachia, likashtuka, likanyamaza. Chini ya mteremko kulikuwa na shamba la pamba, hapo ni tambarare, likifika limelala. Masanja akasimama pembeni yangu, namsikia anavyopumua. Ndipo likakohoa, hm-hm, hasa kama mzee Ngassa, likanguruma na moshi mweusi. Kucha zikatoka begani kwangu. Nikafurahi, halafu nikalia, maana ndiyo lilikuwa linaondoka.

Masanja kuendesha hajui. Baba akawapakia, akawapeleka mwenyewe mpaka kwao ng'ambo ya mbuga, akakabidhi, akarudi kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Dawa ya deni kulipa. Watu wakimchokoza, "Mzee, gari liko wapi siku hizi?" alikuwa anajibu taratibu, "Liko jikoni, linasonga ugali."

Siku hizi nenda Geita, magari mengi kuliko mbuzi. Kijana akipata dhahabu asubuhi, jioni anapiga honi, na wiki ijayo amelipiga bei. Mahari wanatuma kwa simu, ng'ombe hata hajulikani alikuwa na rangi gani. Mjukuu wangu yeye anatafuta magari ya zamani, anayasugua mpaka unajiona meno. Juzi kaja na simu, kanionyesha mgongo wa kobe linang'aa. "Bibi, hili sasa linatafutwa na wenye pesa zao. Mzee wenu angelishikilia, tungekuwa mbali."

Kabula alikuwa anachambua choroko na wajukuu zake, wale wa mume wa pili. Hakuinua uso.

"Basi nirudisheni," akasema, "mkalichukue."