Vigae vya Athene na Mkono wa Mama

Mambo ya Wagiriki nilijifundisha mwenyewe, jikoni kwetu Buffalo, Marekani, kwa ajili ya mtihani wa cheti cha sekondari. Nikikosa swali moja silali. Kwa hiyo Jumapili ile niliingia kanisani na Athene kichwani: watu wamekusanyika, kila mmoja anakwaruza jina kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, na ambaye jina lake limeandikwa mara nyingi zaidi anaondoka mjini miaka kumi. Hakuna mashtaka, hakuna kujitetea.

Kwetu siku hiyo jina lilikuwa la mama.

Alikuwa amekubali zamu za Jumapili kwenye ghala moja Cheektowaga, na wazee walitaka atengwe: asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma. Tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, kwaya ndiyo kitu pekee ambacho mama amewahi kukiita chake.

Wazee wageni wa makanisa yetu mengine walikuwa wametoka Louisville na Columbus. Wagiriki waligawanywa na milima, kila bonde na serikali yake. Sisi tumegawanywa na barabara kuu, lakini jambo zito hatuliamui peke yetu.

"Wanaokubali wainue mikono," mchungaji alisema.

Mikono ikapanda. Kwetu mchungaji akiuliza, mkono hutangulia akili. Nikageuka kumtazama mama. Wake pia ulikuwa juu.

Wangu ulibaki mapajani.

"Kuna anayepinga?"

Hilo huulizwa kwa desturi tu, halijibiwi. Nikasimama, nikishikilia benchi la mbele.

"Mimi."

"Kaa chini, mwanangu," mama alinong'ona. "Unaniaibisha."

Athene sauti moja isingekuwa kitu. Nilingoja wanicheke, au mchungaji alitaje na jina langu. Mzee wa Louisville akavua miwani.

"Kanisa huamua kwa moyo mmoja," alisema. "Leo haupo. Tumsikilize mama huyu kwanza. Na huyo kijana mpeni kiti kabla hajatuangukia."

Mama alisimama, akalishikilia benchi lile lile kwa mikono miwili. Sikuwahi kuwaza kwamba anaweza kuogopa kuliko mimi.

"Zamu nyingine niliomba," alisema, "wakaninyima. Nikiiacha hii, kodi inatushinda, tunahama nyumba."

Wazee wakaliahirisha jambo hilo hadi mwezi ujao.

Tulipofika barabara ya Bailey, garini, ndipo aliponisemesha.

"Siku nyingine ukitaka kusimama, niambie mapema. Ningeushusha mkono."

Mwezi ujao mchungaji atauliza tena. Nimeshamwambia mama kwamba nitasimama.