Maneno Mawili Niliyoyameza Mbele ya Mwalimu

Kwa miaka tisa kazi yangu hapa Brussels ilikuwa kutafsiri. Ofisi ilinituma hospitalini, kwa mawakili, na mara nyingi zaidi shuleni, pale mzazi aliyetoka Kivu, Kongo, alipoitwa na walimu. Niliapa kusema kila kinachosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nilivunja kiapo hicho mara moja.

Ilikuwa katika shule ya serikali huko Saint-Josse. Aliyeitwa ni baba mmoja wa Uvira, aliyefiwa na mkewe katika kambi ya wakimbizi na kuja huku na mtoto mmoja. Alfajiri alisafisha ofisi upande wa Schuman, na Kifaransa chake hakikuvuka ndoo na ufagio. Binti yake alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la sita, na kwa hesabu hakuwa na mwenzake darasani.

Huyu baba nilimfahamu. Tulisali kanisa moja, kwenye ghorofa juu ya duka la simu. Jumapili iliyotangulia pasta alituambia kwamba shule zitawafundisha watoto kuwa mwanamume anaweza kufunga ndoa na mwanamume, na kwamba mzazi atakayenyamaza atajibu mbele za Mungu. Nilisema amina pamoja na wenzangu. Sitajisafisha hapa. Niliamini, na sijui kama nimeacha kuamini.

Mwalimu alikuwa kijana wa Kibelgiji, mwenye ndevu nyekundu na sauti ya upole. Alieleza kwamba kutakuwa na vipindi viwili vya kuzungumza kuhusu mwili, mapenzi na familia za kila namna.

"Mwambie, maman, mimi sina vita na ye," baba akasema kwa Kiswahili cha kwetu, chenye Kifaransa kidogo ndani yake. "Mais mutoto wangu hataingia mu hilo somo. Mungu ataniuliza mimi, hataiuliza shule."

Hayo niliyatafsiri yote.

"Siwezi kumtoa," mwalimu akajibu. "Ni lazima kwa kila mtoto. Na afadhali baba asikie hili kwangu kuliko kwa watu wa nje: mimi mwenyewe nimefunga ndoa na mwanamume. Sitagusa imani ya binti yake. Nataka tu ajue kwamba nyumba za wenzake hazifanani zote."

Wakanigeukia wote wawili. Kwa lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, lakini sikukwama kwa kukosa neno. "Ana mume" yangetosha. Ni maneno mawili tu. Nilimtazama baba, kiganja chake kimelala juu ya ripoti ya mtoto kana kwamba upepo ungeichukua, nikaona wazi kwamba nikiyatamka atasimama, na kesho yule binti hatakuwa darasani.

"Anasema naye ana familia," nikasema. "Hatagusa dini ya mutoto. Wamekusikia, wataona namna ya kufanya."

Baba akashusha pumzi. "Bon. Mwambie asante sana."

"Amekubali?" mwalimu akauliza.

"Amekubali," nikamjibu kwa Kifaransa.

Wakapeana mikono. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo jema.

Wiki tatu baadaye kengele yangu ililia. Baba alikuwa mlangoni na sare ya kazi, hakutaka kuingia. Binti alikuwa amehudhuria vipindi vyote viwili, na nyumbani akasimulia kila kitu, pamoja na kwamba mwalimu wake ana mume.

"Alisema ile siku, mbele yako?"

"Alisema."

"Na mimi unaniambia ana familia." Hakupandisha sauti. "Maman, mule ndani sikuwa na masikio ingine. Nilikuwa na yako tu."

Nilimwomba anipige, anitukane, lakini asimtoe mtoto shuleni. Nilimwambia bado miezi michache tu apate cheti cha kumaliza shule ya msingi. Alikuwa ameshageuka kushuka ngazi.

Tangu kesho yake binti hakwenda tena shule. Barua za shule zilikuja, akaziogopa. Alisikia kwamba serikali inawachukua watoto wasiokwenda shule, na sasa hakuwa tena na mtu wa kumwamini amsomee barua hizo. Kabla ya Pasaka alimpeleka binti Kampala kwa shangazi yake.

Nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza yote. "Ungemwambia tu," akasema. "Ningekaa naye hata mpaka jioni. Nimezoea watu kukasirika. Kudanganywa ndiko sijazoea." Habari zikafika ofisini, na wiki hiyo ikanifuta kwenye orodha yake ya wakalimani, na haikukosea.

Kanisani baba alinyamaza kuhusu mimi, sijui kwa nini. Akina mama walidhani mimi ndiye niliyemshauri amwokoe mtoto na lile somo, wakanikumbatia mmoja mmoja. Niliwaacha wanikumbatie, na tangu siku hiyo sijaweza kuomba. Nikifunga macho, sioni wa kusema naye.

Mmoja wao alinipa namba ya shangazi. Nilipiga Jumamosi, binti mwenyewe akapokea. Alisema bado hajapata shule, huko wanasoma kwa Kiingereza, anabaki na watoto wadogo wa shangazi. Kisha akauliza kama darasa lake limeanza kwenda kuogelea, kwa sababu waliahidiwa mwezi wa tano.

Nikamwambia sijui. Akasema shangazi anamwita, akakata simu.