Kaburi Lililochimbwa Ndani ya Zuio

Nakumbuka Jumatano moja ya mvua, mwanangu, tumesimama shambani Itetemia na jeneza la mama, na ndani ya kaburi amelala mzee mzima, mikono kifuani, amegoma kutoka.

Usishangae. Alikuwa mtani wetu, Mzee Chilongani, Mgogo aliyeletwa Tabora na kazi za reli akazeekea hapa. Sisi Wanyamwezi na Wagogo utani wetu ni wa zamani. Babu zetu walipita kwao na misafara ya kwenda pwani, wakanyimana maji, wakapigana, wakapatana, ndipo wakaanza kutukanana kwa raha mpaka leo. Msibani watani huvaa nguo za marehemu, humwiga alivyokuwa akikohoa, huzuia jeneza, mpaka uwape kuku ndiyo mambo yaende. Lakini nakwenda mbali, ngoja nirudi.

Shamba lile lilikuwa na kesi. Mimi na kaka yangu Maganga, mtoto wa baba mkubwa, kila mmoja alidai babu alimwachia baba yake. Hakimu, mama mmoja mpole wa sauti, akatoa zuio: mpaka kesi iishe asilime mtu, asijenge, asiuze, asizike. Nikasomewa, nikaweka dole gumba, ingawa jina langu najua kuliandika. Nimeishia darasa la nne, lakini neno "asizike" halihitaji darasa la tano. Sitakudanganya kwamba sikuelewa.

Wiki chache baadaye mama akafa. Baba alikuwa amezikwa pale shambani, na mama aliniambia mara nyingi, huku akichambua mlenda wake, nimlaze kando ya mumewe. Mke wangu akasema twende kwanza mahakamani tukaombe ruhusa. Nilimjibu vibaya. Nilisema sijaona mtoto anayeomba kibali cha kumzika mama yake. Maneno ya kiume ni kama asali ya porini, ukiyanywa mengi utayatapika. Na Maganga sikumpelekea hata taarifa ya msiba.

Basi, Chilongani yumo kaburini. "Kaburi hili lina kesi," akasema. "Mimi ni askari wa hakimu. Wapagazi nyie, mmezoea kutua mzigo popote. Hapa hautui."

Watu wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Nikamshushia kuku. Akamrudisha juu. "Kuku wako mpelekee hakimu." Kicheko kikazidi, na mimi nikacheka. Vijana wakamtoa kwa kumshika mabega, mchungaji akaomba, tukazika.

Maisha yangu yote sijapata kuona mtani akimkataa kuku. Hilo peke yake lilitosha kunishtua. Baadaye mzee yule aliniambia alinijua mkaidi, akatafuta njia ya kunikanya bila kuniaibisha, na mtani hakasirikiwi. Kumbe hasikilizwi pia.

Maganga alisikia habari za mazishi sokoni, kwa watu baki. Ikamuuma, akaenda kunishtaki. Nikaitwa kujieleza kwa nini nisifungwe kwa kudharau mahakama.

"Ungeniletea ombi asubuhi ile," hakimu akaniuliza, "unadhani ningemwacha mama yako juu ya ardhi?"

Akamuuliza Maganga kama angepinga. Maganga akaitazama kofia yake. "Mama mdogo ndiye aliyenilea nilipofiwa, mheshimiwa. Angeniita, ningechimba mimi."

Nilifungwa miezi mitatu. Ya gerezani sikusimulii, ila ndugu wakisafisha kaburi la mama baada ya mvua, mimi nilikuwa nalima shamba la magereza. Nilipotoka kesi ikaendelea, nikashindwa. Wapo wanaosema ningeshindwa tu. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilipoapa kusema kweli, hakimu alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyewahi kukuibia.

Maganga hakuyagusa makaburi, Mungu amrehemu. Lakini alipokufa watoto wake waliuza viwanja, mnunuzi akajenga ukuta. Leo nikitaka kufyeka majani kwa wazazi wangu nagonga geti, napiga hodi, nangoja. Siku nyingine hawafungui. Narudi na fyekeo langu.

Sasa nasikia na wewe umepewa zuio la shamba la Ntalikwa, na unatamba kwamba karatasi haiwezi kuzuia jembe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nakusemesha nikiwa nachechemea. Zuio halijasema shamba si lako, limesema ngoja. Mvua zikikupita, zikupite. Likikubana jambo lisilongoja, mazao au maiti, mpelekee hakimu kabla hujagusa udongo. Na huyo mnayeshtakiana naye mpe taarifa ya msiba, mpe na ya harusi, kwa maana kesi ina mwisho na undugu hauna. Mwenye haki akivunja amri, haki yake mwenyewe anaipaka matope, na hakuna wa kumwoshea.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kungoja, akupe udongo wa kuwalaza wazee wako, na asikufikishe mahali pa kuomba mlango ili uwaone.