Kifaru Nilichokifungua

Jumanne, tarehe 19 Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, na ilipofika saa kumi jioni taa zilikuwa zimewashwa Kingsbury Road yote.

Barua ya kuacha kazi imekaa kwenye mkoba wangu siku ya sita leo. Nalala kwa mzee huyu ninayemtunza tangu Machi, maana haachwi peke yake asije akaanguka. Natoka masaa mawili tu, binti yake akija. Dadangu ana chumba Peckham, upande wa pili wa jiji, ameshaniwekea kitanda. Nilijiambia leo lazima niseme.

Lakini leo vikafika vifaru viwili ambavyo binti alimwagizia. Ni kifaru kilekile cha vita vile vya zamani, cha plastiki, cha kuunga kwa gundi, ila vimetoka kampuni mbili zinazoshindana. Mzee achague kimoja, kingine kirudishwe Ijumaa kikiwa bado kwenye nailoni yake.

Mzee ni Mhindi wa Kisumu, alikaa dukani huko nusu ya maisha yake. Akaomba mizani ya jikoni, akayapima masanduku yote mawili kama sukari.

"Hiki chepesi, vipande vikubwa," akasema. "Hiki kizito, hata injini iko ndani. Chagua wewe, dada."

"Mzee, mimi najua nini mambo ya vifaru?"

"Miezi yote hii unanisukuma na kiti hiki cha magurudumu kama kifaru, leo hujui?"

Nilicheka, halafu nikaogopa. Mikono yake inatetemeka. Chepesi angekiunga mwenyewe. Kizito kingetaka macho yangu na vidole vyangu, jioni baada ya jioni. Nikasema chepesi. Niandike ukweli: nilikuwa nafikiria kitanda cha Peckham. Ingawa labda ndicho kilichomfaa pia. Sijui. Mimi niliishia darasa la nane, kupima mambo kunanishinda.

"Hiki nitakimaliza wiki moja," akasema. "Halafu nitazame nini? Dirisha?"

Hakusema kwa ubaya. Yeye hata masaa mawili ya kutoka kama yangu hana.

Nikaona si haki kukikataa kizito bila kukichungulia. Nilitaka kujua kama minyororo inayozunguka magurudumu yake ni mkanda mmoja au inaungwa pingili kwa pingili. Nikapasua nailoni kwa ukucha, hata sikufikiri. Ni pingili kwa pingili, ndogo kama dengu.

Mzee akapiga meza.

"Umefungua, umenunua! Dukani kwangu hata chifu alilijua hilo."

"Mzee, nilikuwa natazama tu."

"Wote walikuwa wanatazama tu."

Nikampigia binti, nikakiri kwamba kosa ni langu, si la babake. Akasema hamna neno, basi chepesi ndicho kitarudi. Akauliza, simu ikiwa kwenye spika, kizito kitachukua muda gani. Mzee akamjibu kwa sauti kutoka mezani, "Mpaka baridi iishe, huyu dada akikaza mwendo!"

Hapo ndipo ningesema. Mkoba ulikuwa kwenye kiti, karibu kabisa. Mzee akanisogezea mkasi mdogo wa kucha, akashika fremu ya plastiki yenye zile pingili kwa mikono miwili isitikisike, nayo ikatikisika. Nikaanza kukata. Tumepata pingili kumi na moja, mbili nimeziharibu mimi.

Barua itabidi niiandike upya, tarehe yake imeshapita. Kama nitaiandika.

Tulikula muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu, kwenye kona ya meza iliyobaki.