Niliuza Mwamba wa Pweza kwa Simu, Lawama Akabeba Mama Mkubwa

Aliyeuza mwamba wetu ni mimi. Si mama mkubwa, kama kijiji kizima kinavyoamini mpaka leo. Ni mimi! Naandika hapa kwa sababu hamnijui, na kwa sababu nyumbani mdomo umegoma kabisa.

Mimi ni msichana wa kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yake, mama mkubwa, ambaye hakujaaliwa mtoto. Kazi yake ilikuwa pweza. Siku za bamvua, maji yakitoka sana, wanawake wa kwetu hutembea juu ya mwamba na vyuma mkononi, wakichokoa mashimoni. Na kila mwanamke ana mashimo yake. Hayana alama wala uzio, yanakaa kichwani. Mama humwonyesha binti yake, basi. Hata mume haambiwi!

Mama mkubwa alinionyesha mimi.

Siku hizi kijiji kimejifunza kufunga mwamba. Kamati ikishatangaza, hakuna kugusa kwa miezi kadhaa, pweza wanenepe, halafu unafunguliwa asubuhi moja kwa watu wote. Mwanzoni mama mkubwa alipinga, tena mkutanoni, kwa sauti: "Wenye boti wataenda kuvua mbali. Sisi wa miguu tutakula nini? Tutaila kamati?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini ulipofunguliwa mara ya kwanza, na akaona pweza walivyokuwa wakubwa, akawa mtetezi kumshinda mwenyekiti mwenyewe. Wakamchagua mkaguzi. Akawa anaingia mwambani wakati umefungwa, anaangalia mashimo yote, ya kwake na ya wenzake. Magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo mimi nilikwenda naye kumshika mkono.

Hapo ndipo simu yangu ilipoingia.

Nilikuwa naweka picha za pweza mtandaoni, akajitokeza mnunuzi. Alisema yuko Dar, na gari lake la barafu linafika mpaka Nangurukuru. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama ya mtu anayekupakulia chakula. Aliniita bosi. Bosi! Mimi, niliyezoea kuitwa "we mtoto" na madalali wa ufukweni, wanaotupangia bei huku wamegeuzia macho kando!

Aliahidi kunifanya wakala wake. Ataniletea jokofu, wanawake wote watauza kwangu, madalali watakoma. Naapa, niliiona ile siku. Niliona foleni ya ndoo mlangoni kwetu, na mama mkubwa amekaa kwenye kiti kizuri, magoti yake yamepumzika.

"Ila bosi wangu," akasema, "nitaaminije kama mzigo upo? Nitumie picha. Na lokesheni, nijue nipange barafu kiasi gani."

"Lokesheni ya kijiji?"

"Kijiji nakijua. Ya pweza wenyewe."

Jamani! Maneno hayo peke yake yangemwamsha hata mlevi. Mimi nilicheka. Niliona ndiyo biashara ya kisasa.

Tukaingia mwambani kwa ukaguzi wa mwisho. Mama mkubwa alitangulia, anagusa maji kwa ncha ya chuma. "Hapa yumo dume, mvivu huyu, kazi yake kunenepa." Anasogea. "Hapa jike, amelalia mayai. Hata tukifungua usimguse. Mwache amalize uzazi wake." Kila aliposimama, mimi nyuma yake nilibonyeza simu.

"Unapiga picha za nini zote hizo?"

"Kumbukumbu, mama mkubwa."

"Kumbukumbu unaweka kwenye simu! Kichwani unaweka nini, nywele za bandia?"

Tulicheka wote wawili. Jioni nikamtumia yule mtu kila kitu, shimo baada ya shimo.

Asubuhi ya kufungua, wanawake walishuka na vigelegele. Vikakatika kimoja kimoja. Mashimo yote makubwa yalikuwa yamebomolewa kwa mtarimbo. Walikuja usiku maji yalipotoka, wakaingilia upande wa nje, walinzi wetu wakiwa upande wa kijiji. Hata lile la jike hawakuliacha. Kwenye kipande cha jiwe lililopinduliwa, mayai yake yalikuwa yananing'inia kama nyuzi za shanga nyeupe, na hakuna tena wa kuyapulizia maji.

Mama mkubwa aliliinua lile jiwe, akalirudisha kifudifudi, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Mwenyekiti wa kamati alizunguka, akarudi. "Hawa hawakutafuta," akasema. "Mawe ya pembeni hayajaguswa. Wameonyeshwa."

Nani aliyajua mashimo ya wote? Mimi nilihesabiwa mtoto wa kushika mkono tu. Macho yote yakaenda kwa mama mkubwa.

Nilijificha nyuma ya mikoko, nikampigia yule mtu. Haikuita. Nikaandika ujumbe, haukufika. Picha yake ilikuwa imetoweka. Alishanifungia!

Kijiji chetu kina kundi la simu, lilianzishwa kwa ajili ya kutangaza misiba na michango. Mchana huo liliwaka moto. Zikaanza kuingia sauti. "Si alikataa tusifunge? Sasa kafungua mwenyewe!" Mwingine: "Bibi kapata bwana wa mjini, hata magoti yatapona!" Vicheko juu ya vicheko.

Uso kwa uso hakuna ambaye angemwambia maneno yale. Wangeanza na shikamoo, naye angeitikia marahaba, na ukishamwamkia mtu mzima ulimi unapoa wenyewe. Kwenye kundi hakuna shikamoo. Mtu analala chali kitandani kwake, anamtukana mzee, anageukia upande wa pili.

Yeye hakuyasikia. Simu yake ni ya vitufe, ya kupigia na kupokea.

Halafu mtu mmoja akaniuliza mimi, kwa jina langu, mbele ya kundi zima: "Wewe ulikuwa unaenda naye. Hukumwona na mtu?"

Nilikuwa na nafasi. Nisingedanganya ningekuwa na aibu tu, labda faini, labda matusi ya mwaka mzima. Nikaandika: "Mimi sijui. Muulizeni mwenyewe."

Hayo tu. Nayaona mpaka leo nikifumba macho.

Jioni alikuwa anapepeta mchele. "Mwanangu, simu yako inalia sana leo. Wanasemaje?"

"Kuna msiba Kitomanga."

"Innalillahi. Maskini wa Mungu." Akaendelea kupepeta.

Alikuja kuyajua kisimani. Wenzake walinyamaza alipofika, na mwanamke mmoja akamwambia, "Mwenzetu si una maji ya bomba huko mjini?" Alirudi na ndoo tupu. Hakuniuliza kitu. Ee, laiti angeniuliza!

Kamati ikaamua isomwe albadiri. Wasioijua, ni dua nzito. Mwovu asiyejulikana anashtakiwa kwa Mungu, ajulikane kwa madhara yatakayompata. Mzee mmoja alionya kwamba kitu hicho si cha kuchezea. Aliyesimama kuunga mkono ni mama mkubwa. "Isomwe," alisema. "Tena isomwe kwa sauti, nisikie kila neno."

Alikaa mbele kabisa upande wa wanawake, kanga safi, mgongo umenyooka. Mimi nilikaa nyuma yake. Kila palipoitikiwa amina, niliitikia. Nilijiapiza kwa ulimi wangu mwenyewe, na wala sauti haikutetemeka!

Basi watu wakakaa wakisubiri nani ataugua. Na wakati wanasubiri, waliacha kumpitia. Bamvua likija, hodi zilipigwa nyumba za jirani, kwetu kimya. Sijui kama mnaelewa maana yake. Mwambani wanawake huenda kwa kundi, kwa sababu anayechokoa shimo ameinama, haoni nyuma. Maji yakianza kuingia kwenye mkondo, mmoja hupaza sauti, "Maji hayo!" na wote wanageuka. Ukichelewa, mkondo unakukata na nchi kavu.

Siku ile aliniamsha tufuatane. Nikamwambia kichwa kinauma. Hakikuwa kinauma. Nilikuwa naogopa kuonekana naye.

"Lala, mwanangu," akasema. "Nitaenda mwenyewe, si mbali."

Lakini karibu hapakuwa na kitu, mashimo yalikuwa yamebomolewa. Alikwenda ng'ambo ya mkondo. Wanawake wengine walikuwa upande wa pili wa mwamba, walimwona kwa mbali ameinama. Maji yalipogeuka waliitana wao kwa wao. Hakuna aliyemwita yeye. Kila mmoja anasema alidhani mwenzake ameita.

Walimkuta wakulima wa mwani, maji yalipotoka tena.

Nikadhani hapo ndipo watalia kwa majuto. Thubutu! Kabla hajaoshwa, kundi lilikuwa limejaa: "Albadiri imejibu!" "Mungu si Athumani!" Kifo chake ndicho kikawa ushahidi. Walimzika, kwa sababu ni Muislamu na ni jirani, lakini matanga yalikuwa baridi, sufuria moja na watu wachache, wakizungumza chini chini kama wako hospitali.

Na mimi? Mzima wa afya! Hata mafua sijapata. Nakula, nalala, nanenepa. Naingoja ile dua inipate, inanipita tu mlangoni. Siku nyingine nadhani huku kutoguswa ndiyo kuguswa kwenyewe, siku nyingine sidhani kitu.

Wiki iliyopita mwenyekiti alikuja nyumbani. Wanataka kufunga mwamba tena, na wanahitaji mkaguzi anayeyajua mashimo.

"Tumekuchagua wewe," akasema. "Wewe ni mwaminifu. Hata ndugu yako wa damu hukumtetea."

Nilimwambia nitafikiri. Akaniachia samaki wawili, wa hongera.

Ndugu zangu, mnaoshika simu, kuna vitu si vya kutuma. Mahali wenzako wanapopatia riziki si picha ya kumfurahisha mgeni mwenye sauti nzuri. Anayekuita bosi kabla hajakujua, mwogope!

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Ukiulizwa mbele za watu, na unajua, usiandike "sijui". Sema siku hiyo hiyo, wakutukane, wakutoze, wakufukuze, mradi mwenye haki yupo hai akusikie. Mimi nasema leo, kwenu ninyi, na aliyestahili kusikia yuko chini ya mchanga, na jina lake bado chafu.

Mwenyekiti anataka jibu Ijumaa.