Mbwa Aliyeota Jua la Mchana

Miaka ya themanini nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo mjini Malindi. Nikirudi kwetu Mambrui jioni, nilikuta ndoo ya maji na kopo la udongo mlangoni. Mama aliviweka mwenyewe. Sikuvuka kizingiti kabla ya kuosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kwa ajili ya mate ya mbwa. Sikuona vibaya. Ndiyo dini yetu.

Siku moja mzungu mwenye nyumba ufukweni alimleta mbwa wake. Mbwa huyo alikula kidogo na bado akanenepa, na mchana, sisi tukitafuta kivuli, yeye aliota jua. Manyoya yalikuwa yamenyonyoka mbavuni, pande mbili sawasawa, mkia umebaki kama wa panya. Mtunza bustani alikuwa amempaka oili chafu ya gari akidhani ni upele. Daktari alikwangua ngozi, akatazama kwa hadubini. Hapakuwa na wadudu. Moyo ulipiga polepole.

"Kuna tezi hapa shingoni," alinieleza. "Ndiyo inayochochea moto wa mwili. Ikilegea, kila kitu hulegea. Paka huupata ugonjwa huu kwa nadra, mbwa mara nyingi, na watu pia."

Damu ilipelekwa Nairobi, majibu yakathibitisha. Akapewa vidonge, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Baada ya wiki chache alikuwa akiwabwekea kunguru. Manyoya yalichukua miezi. Ukiwa na mbwa kama huyo, usikate tamaa mapema, wala usiache dawa ukimwona mzima. Kinachobweka ni kidonge.

Lakini daktari aliposema "na watu pia", niliyemwona mbele ya macho yangu ni dadangu mkubwa.

Alikuwa ameolewa mtaa wa pili. Katika joto la kaskazi alijifunika shuka. Nyusi zilipukutika, uso ukavimba, sauti ikawa nzito. Mumewe alimwita gogo mbele ya wageni, na alikwisha kusema kwamba Ramadhani ikiisha atamrudisha kwetu. Nilimchukua mama tukaenda.

"Shemeji, huu si uvivu," nilisema. "Ni ugonjwa, nimeuona kazini. Mpeleke hospitali apimwe damu."

"Kazini kwako wapi? Kwa mbwa?"

"Kwa mbwa, ndiyo. Lakini tezi ni ile ile, ngoja nikueleze..."

"Umekuja nyumbani kwangu kumfananisha mke wangu na mbwa!" Akanitazama vidole. "Na mikono hiyo umeiosha, au ndiyo uliyonishikia kikombe?"

Mama alinivuta kanzu. "Basi, mwanangu. Umetuaibisha."

Dadangu alikuwa ameketi mkekani, hata kugeuza shingo kulimchosha. Akauliza taratibu, "Huyo mbwa alipona?"

"Alipona, dada."

"Basi kesho nipeleke."

"Ukitoka na huyu, usirudi," mumewe alisema.

Alitoka. Talaka ilifika kwetu kabla vidonge alivyopewa hospitali havijaanza kufanya kazi, na watoto wakabaki kwa baba yao. Mama alilia kwa aibu, si kwa ajili ya mgonjwa.

Kisha, kidogo kidogo, dadangu akairudia hali yake. Aliikunja ile shuka akaiweka. Alikanda unga wa mahamri alfajiri akiimba. Jioni alinimiminia maji ya ndoo yeye mwenyewe, na kunitania, "Osha vizuri, daktari wangu wa mbwa."

Nilidhani sasa aliyekuwa mumewe ataona. Na kweli aliona. Alimkuta sokoni akitembea upesi, kikapu kichwani, akawageukia wenzake.

"Mnamwona? Miaka yote ile alikuwa akijitia mgonjwa tu."

Wenzake wakaafiki. Watoto hakuwarudisha.

Yule mbwa alipoanza tena kubweka, hakuna mtu aliyesema kwamba zamani alikuwa akijitia.