Kaa Kwenye Picha za Idi

Maulida alifundisha sayansi pale Nyamisati, miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na kamera ndogo za plastiki zikaanza kuuzwa hata Kibiti. Mimi nilifundisha hesabu chumba cha pili, kwa hiyo kutwa nilimsikia akiwaambia watoto kwamba mikokoni kuna maajabu. Wao walijua mikokoni kuna boriti za kuuza na mbu, basi.

Akanunua kamera. Mwalimu Mkuu, Mzee Tahiri, hakupendezwa.

"Mkanda mmoja tu, Mwalimu. Picha zikija hovyo, utarudi ubaoni na chaki yako."

Maulida akakubali, maana yeye hukubali kwanza, akaogopa baadaye. Watoto wakapokezana kamera, kila mmoja apige picha ya kiumbe anayeishi jirani na kwao.

Mkanda ulikwenda Kibiti kusafishwa. Picha ziliporudi tulikusanyika darasani kwake, Mzee Tahiri akiwemo, na ya kwanza tu nikajiuma mdomo nisicheke. Mtoto kavaa kanzu ya Idi, kakakamaa kama yuko gwaride, na miguuni pake kaa aliyeoshwa, kafungwa magando kwa ukindu, kawekwa juu ya mkeka mpya. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu kaa kapambwa na ua. Wangejuaje, masikini? Kwetu mtu hapigwi picha ila amekoga na kupendeza, nao walimpa kaa heshima ile ile. Machozi yalimlengalenga Maulida.

Ya mwisho ilikuwa ya mtoto aitwaye Sijaona, na haikuwa na mtu. Tope tupu, mizizi ya mikoko na vidoa vyekundu. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mbona wewe hukusimama?" Mzee Tahiri akamuuliza.

"Sina nguo ya Idi, Mwalimu." Aliinamisha kichwa. "Nikachuchumaa tu, nikanyamaza mpaka wakatoka."

"Wakatoka nani?"

Maulida aliisogeza picha dirishani. Vile vidoa vilikuwa na magando. Kila kidoa kilikuwa kaa mdogo aliyeinua gando moja jekundu, kubwa kama mwili wake, na walilijaza tope lote hadi majini. Tope lile nililipita kila siku!

Mzee Tahiri aliinuka. Alivua viatu, akatoka, nasi nyuma yake. Maji yalikuwa yamekupwa, na tuliona mashimo matupu. Sijaona akatuonyesha namna ya kuchuchumaa. Tukachuchumaa, walimu na watoto, kimya. Akatoka mmoja. Wakatoka wengine, kisha sikujua hata nitazame wapi. Subhanallah, tope zima lilikuwa likitupungia mkono.

Mzee Tahiri akamnong'oneza Maulida bila kugeuza shingo.

"Tafuta mkanda mwingine. Na wa kwanza kupigwa picha awe huyu Sijaona, hivyo hivyo alivyo."